Usimwondoe Mlinzi Mlangoni

Mwanangu, najua una haraka. Saiba imejaa. Huyu anataka PIN ya KRA, yule anaomba mkopo wa HELB, na kurasa hazifunguki. Mkono unakuwasha uandike `sudo ufw disable` ujaribu bahati. Ngoja kwanza. Keti.

Ulinzi wa ufw, yaani firewall ya kompyuta yako, ukiuwasha kama ulivyo, hukataa wanaobisha kutoka nje, lakini huiacha kompyuta yako itoke itakako. Tovuti ikigoma kufunguka, basi, mara nyingi ufw haina hatia. Mimi sikulijua hilo mapema, na watu wengine ndio walioumia.

Hapa Cheptais unaijua stima yetu, hasa mvua ikishuka kutoka Mlima Elgon. Siku moja ilipotea, ikarudi, na kila tovuti ya serikali ikaanza kulalamika kwamba muunganisho si salama. Nikaizima ufw. Wapi! Nikachezea DNS, nikaizima rauta na kuiwasha tena. Wapi! Wateja wakachukua bahasha zao wakaenda. Kumbe ni saa. Kibetri cha CR2032 ndani ya kompyuta yangu kuukuu kilikuwa kimekufa, na stima ilipokatika tarehe ikarudi nyuma miaka. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta ilivitazama vyeti vile ikaona muda wake haujafika. Niliporekebisha tarehe, kurasa zikafunguka.

Ila ufw sikuiwasha tena. Nilisahau, mwanangu. Na katika kompyuta ileile kulikuwa na folda ya pamoja tuliyohifadhia vitambulisho vya wateja tulivyoskani. Baadaye kijana mmoja aliyekuwa barazani na kipakatalishi, akitumia waifai yetu, akaniita kwa upole: "Mzee, kitambulisho cha mama nakiona hapa." Nikainama kutazama. Picha yake, jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa. Mama yule alinipa kadi yake mkononi kwa kuniamini. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ni vizuri ipo, lakini hata bila sheria ningemwambia nini?

Kwa hiyo anza karibu, ndipo uende mbali. Andika `ip a` uone kama kompyuta imepewa anwani. Haina? Tafuta kwenye waya, waifai au rauta. Ikiwa nayo, `ip route` itakuonyesha anwani ya rauta, ipigie `ping`. Ikijibu, jaribu `ping 8.8.8.8`. Nambari hiyo ikijibu huku majina ya tovuti hayapatikani, shida ni DNS, na huna haja ya kugusa kingine. Kisha `timedatectl`, uitazame tarehe, hata mwaka. Usibadilishe mambo mawili kwa mpigo, maana hutajua lipi limeponya. Kila unachobadilisha kiandike kwenye daftari la karatasi, lile lisilozimika na stima.

Wenzako wenye Fedora nao hukimbilia `setenforce 0` kuulegeza ulinzi wao wa SELinux. Ni haraka ileile. Waambie waandike kwanza `sudo ausearch -m avc -ts recent`. SELinux ikizuia kitu, kwa kawaida huandika imezuia nini. Kuisoma mistari ile kunachosha, najua. Isome.

Na utakapoiwasha tena ufw kwenye kompyuta ya mbali unayoifikia kwa ssh, tanguliza `sudo ufw allow ssh`, ndipo uandike `sudo ufw enable`. Ukiwasha kabla ya kuruhusu, utajifungia nje. Kama kompyuta hiyo iko Kapsokwony, itabidi upande pikipiki uende ukairuhusu kwa mkono, na barabara ile wakati wa mvua unaijua.