Punda Mzee Anatudai Nini?

Amri ya siku ya kupumzika watoto wetu wa Kipaimara huikariri vizuri. Lakini ukiisoma yote, kama ilivyoandikwa katika Kumbukumbu la Torati 5:12–15, utakuta humo orodha ya wanaopaswa kupumzika: wewe mwenyewe, watoto wako, watumishi wako, ng'ombe wako na punda wako. Punda ametajwa kwa jina lake. Mbuzi hakutajwa, kondoo hakutajwa, wala kuku. Hao wote wamejumlishwa pamoja na wanyama wengine. Ng'ombe na punda wametajwa peke yao kwa kuwa ndio wanaochoka kwa ajili yetu.

Sababu inayotolewa pale pia ni ya ajabu. Mungu hasemi, mpumzisheni punda ili kesho abebe zaidi. Hilo hata mtu mchoyo angelifanya. Anawaambia watu wake wakumbuke kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa katika nchi ya Misri. Aliyebebeshwa mizigo bila siku ya kupumzika na akatolewa huko, hawezi kumfanyia mwingine yale yale, hata kama huyo mwingine ana miguu minne.

Katika nchi nyingine mtu angeandika mambo haya juu ya farasi. Kwetu farasi ni wachache. Mbung'o na magonjwa yanayoua farasi kwa muda mfupi vimewazuia kuenea, lakini punda huyastahimili zaidi mazingira yetu. Isitoshe, punda ni mwenyeji. Alianza kufugwa kaskazini-mashariki mwa bara letu zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na kutoka huko ndipo alipofika katika nchi za Biblia. Sisi tuliokulia Singida hatuhitaji kuelezwa kazi yake. Maji, kuni, mahindi, alizeti, matofali ya kujengea nyumba, hata mgonjwa juu ya mkokoteni, vyote ni vyake.

Nyumbani kwetu, katika nyumba ya mchungaji, tuna punda wawili. Kazi ya kuwatunza si kubwa, ila haina likizo. Asubuhi, kabla ya kufunga mzigo, mtu hupitisha kiganja mgongoni polepole, kuanzia mabegani hadi kiunoni. Mahali penye joto kuliko pengine, au palipovimba kidogo, ndipo kidonda kitakapotokea kesho kutwa. Uti wa mgongo wa punda umejitokeza juu, hauna nyama ya kutosha kuukinga. Kwa hiyo mzigo unapaswa kukaa pande mbili, juu ya matandiko manene, na pale katikati pabaki wazi. Gunia moja lililokunjwa halitoshi, na kamba tupu ni mateso. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 za maji. Punda wetu wa kienyeji ni wadogo, na kwa wengi wao huo ni mzigo wa nusu ya miili yao au zaidi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nadhani aliyetunga methali hiyo alikuwa amemwangalia mtu akimfungia punda dumu la tano.

Yako na mengine. Kwato hukua kama kucha, na zisipokatwa zinapinda, punda akawa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mtoto. Maji machafu hayanywi, hata akiwa na kiu kali, kwa hiyo anayempa maji ya kuoshea vyombo amemnyima maji. Manyoya yake hayazuii mvua vizuri kama ya farasi, anahitaji paa. Kamba ya nailoni mguuni inakata ngozi hadi kwenye mfupa. Na punda hapendi kukaa peke yake. Wawili waliozoeana wakitenganishwa, anayebaki anaweza kuacha kula, na punda aliyeacha kula siku chache tu anaweza kufa, kwa kuwa mafuta ya mwili wake hujaa katika damu.

Jambo gumu kuliko yote ni kwamba punda huficha maumivu. Ng'ombe akiumia hulia, mbwa hulalama. Punda husimama kimya, masikio yameshuka kidogo, na wengi husema amezoea. Hakuzoea. Ndiyo maana napenda neno lililotumika katika Mithali 12:10, pale inaposemwa juu ya mwenye haki na mnyama wake. Katika Kiebrania kitenzi cha pale ni kile kile cha kujua. Mwenye haki anajua hali ya mnyama wake. Huwezi kujua bila kuangalia, na huwezi kuangalia ukiwa na haraka kila siku.

Hapa msomaji wa Biblia aliye makini atanisimamisha. Je, Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 9 hakuuliza kama Mungu anawajali ng'ombe, akaonyesha kwamba amri ya kutomfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka iliandikwa kwa ajili yetu? Niliwahi kumsikia mkristo mmoja akilitumia neno hilo kuwanyamazisha wanafunzi wa Kipaimara waliouliza juu ya kupigwa kwa wanyama. Mimi naona Paulo anapanda ngazi, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa: ikiwa hata ng'ombe hafungwi kinywa, mtenda kazi wa Injili je? Hoja hiyo ina nguvu tu ikiwa ngazi ya chini ipo. Ukiiondoa, Paulo mwenyewe anaanguka. Tena fungua Kumbukumbu la Torati 25 uone amri hiyo imepandwa wapi. Kabla yake kuna sheria inayozuia mtu kuchapwa kupita kiasi, asije akadharauliwa mbele ya ndugu zake. Baada yake kuna sheria ya mjane asiyeachwa bila mtu. Ng'ombe amekaa katikati ya mchapwaji na mjane, na sidhani alikaa hapo kwa bahati mbaya.

Nimemtaja mjane kwa sababu swali la insha hii nililetewa na mjane. Alikuja baada ya ibada ya katikati ya juma, akaniambia, "Mchungaji, nina jambo dogo, lakini linaninyima usingizi." Punda wake dume alikuwa amezeeka. Meno yamekwisha, mabua ya mahindi yanamshinda, na akibebeshwa madumu mawili anasimama njiani. Mtu mmoja anayezunguka minadani alikuwa ameahidi kumnunua. Fedha ile ingetosha sare na mahitaji ya shule ya wajukuu wawili anaowalea. "Je, Mchungaji, ni dhambi nikimuuza?"

Wote wawili tulijua punda asiye na meno hanunuliwi ili abebe maji. Katika miaka ya karibuni ngozi ya punda imekuwa bidhaa. Huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, ambayo China hutumika kama dawa ya asili na ya kuongeza nguvu. Punda wengi wa Afrika wamechinjwa kwa ajili hiyo, wengine wameibwa usiku wakachunwa vichakani, mwenye mali akaamka bila mguu wa kumletea maji. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima hivi na huzaa mmoja, kwa hiyo hawarudi upesi kama mbuzi. Mwezi Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Uamuzi ni mwema. Lakini mnunuzi wa mnadani hakuwa amekwenda Addis Ababa, na fedha aliyoahidi ilikuwa fedha ya kweli.

Sikumjibu mama yule kwa haraka. Kuna namna ya kuhubiri huruma kwa wanyama ambayo ni ukatili kwa maskini. Mimi nina mshahara, hata ukichelewa. Ningemwambia "usimuuze" kisha nikaenda kunywa chai, mzigo wote angebaki nao yeye. Pia si kweli kwamba kuchinja mnyama ni dhambi. Sisi sote tunakula nyama, na sikukuu zetu zinanukia pilau. Kama punda yule angekuwa anateseka bila tumaini, kumwita daktari wa mifugo ampumzishe kwa sindano kungekuwa tendo jema. Swali lilikuwa tofauti: je, mnyama aliyetumika hadi akaisha anatudai kitu, au deni lake lilikuwa likilipwa kila jioni kwa pumba?

Tuna methali, shukrani ya punda ni mateke. Tunaitumia kwa watu wasio na fadhila. Lakini hebu tuhesabu vizuri. Punda yule alibeba maji kwa miaka zaidi ya ishirini. Alibeba matofali ya nyumba ambayo mama analala. Mumewe alipougua, alivutwa kwa mkokoteni wa punda huyo hadi kituo cha afya, na kwa mkokoteni huo huo akarudishwa. Kumpakia mwishoni kwenye lori pamoja na wengine arobaini, safari ya siku mbili bila maji, hapo mateke ni ya nani?

Nataka kwenda hatua moja zaidi, kwa uangalifu. Sisi Walutheri tunafundisha kwamba mtu hupokelewa na Mungu bila matendo yake. Sisemi punda anahesabiwa haki kwa imani. Wanatheolojia wenzangu watulie. Ninachosema kinamhusu mwenye punda. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anapoeleza sehemu ya kwanza ya Imani, anaorodhesha vitu ambavyo Mungu hutupa: mwili, chakula, nyumba, shamba, na mifugo imo humo, kisha anasema tumepewa vyote bila sisi kustahili. Mtu anayekiri hivyo kila Jumapili amekiri kwamba hata punda wake ni zawadi. Zawadi haipimwi kwa kilo inazobeba tu. Na mtu anayeishi kwa kupewa asichostahili, akigeuka na kusema kwamba kiumbe kisichoweza tena kufanya kazi hakina thamani, amezungumza lugha ambayo kwayo yeye mwenyewe angehukumiwa. Lugha hiyo haikai zizini. Nimeisikia ikiingia ndani ya nyumba, ikasemwa juu ya bibi asiyeweza tena kulima. Lakini sitaki kumgeuza punda kuwa mfano wa mahubiri juu ya wazee. Wazee wana madai yao makubwa zaidi. Punda naye ana yake, madogo, na ni ya kweli hata kama hakuna mzee yeyote aliyetajwa.

Kwa hiyo nilimwambia mama mambo mawili. Kwanza, kwamba akimuuza kwa ajili ya watoto hatatengwa na Meza ya Bwana, na mimi nitakuwa wa kwanza kumkaribisha. Pili, kwamba naamini punda yule anamdai kitu, na kwamba deni hilo si lake peke yake, kwa sababu maji yaliyobebwa yalinywewa na wengi. Tuliitazama hesabu pamoja. Sare zilipatikana sehemu kupitia kikapu cha diakonia, sehemu kwa kuuza mbuzi mmoja. Sikufurahi kwa habari ya mbuzi, na mbuzi hakuulizwa. Punda alibaki na mwenzake mdogo, akila pumba zilizolowekwa na majani yaliyokatwakatwa. Hakubebeshwa tena kitu, lakini kila asubuhi alitangulia njia ya kisimani na yule mdogo akamfuata nyuma. Alikufa masika iliyofuata. Mwenzake aliachwa kusimama karibu na mzoga kwa saa kadhaa kabla ya kuzikwa, kwa maana akiona mwenyewe hatamtafuta kwa siku nyingi. Vijana wa jirani walichimba shimo refu, kwa ajili ya fisi, wakicheka kwamba wanafanya mazishi. Mama hakucheka.

Tangu hapo wazee wa kanisa wamelifikiria jambo jingine. Siku ya Mavuno, magunia ya alizeti huja kanisani juu ya punda na mikokoteni. Sisi tunaingia ibadani, nyimbo, mahubiri, mnada wa sadaka, hadi saa saba mchana, na punda wamefungwa juani pale nje. Katika Luka 13:15 Yesu anawakumbusha wapinzani wake katika sinagogi kwamba siku ya Sabato wao wenyewe humfungua ng'ombe au punda wakampeleka kunywa maji. Aliongea kama jambo ambalo kila mtu pale alilifanya bila kujadiliana. Kwetu ilibidi lijadiliwe katika vikao viwili. Mmoja wa wazee aliuliza, na aliuliza vizuri, kwa nini tuwachotee punda wakati tangi la kanisa halijajaa. Mwishowe pipa la chuma lilipasuliwa katikati, likawekwa chini ya mkwaju, upande wenye kivuli mchana. Zamu ya kulijaza mwezi huu ni ya kwaya ya vijana.