Ritifaa ya Narung'ombe

Binti mmoja alikuja ofisini kwetu Nachingwea kuchukua cheti cha ubatizo. Ndoa yake ilikwisha kutangazwa kanisani mara ya kwanza. Alibatizwa upande wa Ruangwa. Daftari la huko liliingizwa kwenye kompyuta, nasi tukatumiwa faili. Nikachapa cheti, nikagonga muhuri bila kusoma. Yeye ndiye aliyesoma. Penye makazi ya wazazi palitokea: Narungâ€™ombe.

"Samahani Baba Paroko," akauliza kwa adabu, "hiki ni Kilatini?"

Katibu akasema ni virusi, akaanza kufuta zile alama moja moja. Kijana wa kwaya anayeyajua mambo haya akamzuia.

Kompyuta haitunzi herufi, inatunza namba. Ritifaa iliyonyooka ni namba 39, na hiyo haina ugomvi. Ila programu za kuandikia hupenda kuipinda ipendeze, na iliyopinda, kwa utaratibu wa UTF-8 uliobuniwa 1992, inachukua namba tatu: 226, 128, 153. Mashine yetu ilizisoma kwa utaratibu wa zamani, ambao kila namba ni herufi yake. Ikatoa â, ikatoa alama ya euro, ikamalizia na alama ya biashara. Fedha ya Ulaya katikati ya kata ya wakulima wa korosho! Mandawa na Mnacho, zisizo na ritifaa, zilipita salama, ndiyo maana hatukushtuka mapema.

"Faili halina kosa, Baba," kijana akasema. "Tunalisoma vibaya. Katibu akilihifadhi hivi, hapo ndipo litaharibika kweli."

Jioni nilifungua Waamuzi sura ya 12, ambayo huwa naipita haraka. Kwenye vivuko vya Yordani Wagileadi walimtaka kila mpitaji atamke Shibolethi. Mwefraimu alisema Sibolethi, akachinjwa. Kitabu kinahesabu 42,000. Watu wale walitamka kama mama zao walivyowafundisha. Nimezoea kuwahurumia wao. Safari hii nilimtazama mlinzi wa kivuko, maana kwenye kisima cha ubatizo mwenye kalamu ni mimi. Bibi anataja jina la mjukuu kwa Kimwera, nami niliyekuja huku mtu mzima nasikia nusu. Nikimwomba arudie mara ya pili naona haya, basi nasema, "Tuandike Maria tu, Bibi." Naye anaitikia, kwa kuwa ni Baba amesema. Katibu alifuta alama tatu. Mimi nimefuta majina mazima, kwa wino.

Kesho yake kijana alilifungua faili lilelile upya, akaiambia mashine itumie utaratibu uliotumika kuandika. Hakuandika hata herufi moja. Narung'ombe ikarudi.

Binti akapokea cheti, akakisoma chote kwa sauti, akacheka. Kisha akanitajia jina analoitwa nyumbani, lisilokuwamo daftarini. Nikamwomba alirudie. Akalirudia mara tatu, nami bado namung'unya ile silabi ya katikati.