Sanamu Katika Picha ya Mauaji

Huko Lwiro vyombo hupima matetemeko ya nchi. Chombo chaandika kwamba nchi imetikisika. Hakisemi nani aliogopa.

Siku hizi wapelelezi hupima nyumba ya mauaji kwa mwanga wa leza, ikatoka picha yenye vipimo halisi: ukuta, mlango, tundu la risasi. Lakini watu hawamo tena. Basi mtaalamu hutia sanamu za watu: huyu alisimama hapa, yule alipiga magoti pale. Je, ni uongo? Sivyo, ikiwa mashahidi na alama za damu zaonyesha hivyo, na hakimu akaambiwa wazi: ukuta umepimwa, sanamu imekisiwa. Mtaalamu akinyamaza, amevunja amri ya nane bila kufungua kinywa, maana jicho husadiki upesi.

Kwetu jambo hili si dogo. Desemba 2017, Kavumu, jirani ya Lwiro, mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha kwa kuwanajisi watoto wadogo. Hukumu nzito hivyo yadai ukweli mtupu. Ukweli ukipambwa, asiye na kosa aweza kufungwa; na siku pambo likijulikana, hata neno la kweli la mtoto halitasadikiwa.