Umeme Ukikatika Je?

Masjala yetu ilipoletewa mfumo wa majalada ya kompyuta, mzee mmoja aliyenitangulia kazini alikuwa na swali lake kila kikao: umeme ukikatika je? Swali la haki, maana umeme hukatika. Jenereta ilipofungwa, akahamia kwenye barua za siri. Hizo nazo zilipopatiwa jibu, akasema vijana hawajui kupanga folio. Hoja zote zilikuwa za kweli, ila iliyomsumbua hasa hakuitaja. Miaka yote ile wakubwa walishuka ngazi kumuuliza jalada fulani liko wapi, naye akawatajia rafu na mstari bila kugusa daftari. Sasa ingetosha mtu kubofya tu.

Je, alikuwa akisema uongo?

Mwanasaikolojia Anna Freud, aliyechapisha kitabu juu ya kinga za nafsi mwaka 1936 akiwa Vienna, angemtetea: nafsi hujikinga bila mwenyewe kuiagiza, na hofu isiyobebeka huvishwa sababu za heshima. Mwanafalsafa Jean-Paul Sartre hakukubali maelezo ya aina hiyo. Katika kitabu chake cha 1943 alihoji: nafsi itazuiaje jambo lisipite kama haijalitambua? Basi anayejidanganya anaujua ukweli anaoukimbia, na lawama ni yake.

Kwa hoja, Sartre ananishinda. Kwa hukumu, sikubaliani naye hata kidogo. Tuseme mzee alijua. Angeusema ukweli huo wapi? Mbele ya mkufunzi wa umri wa mjukuu wake, kwenye kikao ambacho kila anayesita anaandikwa kuwa mpinga mabadiliko? Kwetu mtu mzima havuliwi nguo hadharani. Kuukiri ukweli, hata moyoni, kunahitaji mahali ambapo ukisemwa hautakuangamiza, na mahali hapo hutengenezwa na mwenye kuitisha kikao. Kwa hiyo naye ana fungu lake katika kujidanganya kule.

Afisa utumishi wetu, mama mmoja mtulivu, alimfuata mezani kwake. “Baba, majalada ya zamani yamefutika namba. Nani atayatambua kabla hayajaskaniwa?” Mzee akavuta kiti, akaanza kuyachambua moja moja, na katikati ya kazi akasema, “Binti yangu, mashine hii mimi naiogopa.”

Angepewa nafasi ile na bado akang’ang’ania visingizio, hapo ningemwachia Sartre amhukumu.