Kusahau na Kunyang'anya: Kosa Lipi Bora?

Ukifungua faili kwenye Linux, kerneli, yaani kiini cha mfumo, huanza kuhesabu watumiaji. Programu moja ikilishika, hesabu ni moja. Ikizaa nyingine inayolitumia pia, mbili. Kila anayemaliza hupunguza moja. Ikifika sifuri, nafasi yake kwenye kumbukumbu hupewa mwingine.

Hesabu hii hukosewa kwa namna mbili. Kwanza, kusahau kupunguza: nafasi inabaki imeshikwa na asiyekuwepo. Ni hasara tu. Pili, kupunguza mara moja zaidi: nafasi inagawiwa na huku mtu bado anaitumia. Naye hana habari! Anaendelea kuandika palepale, kumbe pana mwenyewe mpya. Na kinachoudhi wanaosaka kosa hili ni kwamba anayeanguka siye aliyekosea.

Mwaka 2016 iligundulika sehemu ya Linux ambako hesabu ilipanda bila kushuka, ikavuka bilioni nne na kurudi sifuri. Mwaka 2017 ikaingizwa namna mpya ya kuhesabu: namba ikikaribia ukingo, inaganda. Nafasi ipotee, lakini asinyang'anywe anayeitumia. Hawakuahidi kutokosea. Walichagua upande wa kukosea.

Sasa twende Karagwe na Kyerwa, wilaya moja hadi 2012, mpakani na Rwanda. Julai 2013, akiwa Biharamulo, Rais Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Septemba ikaja Operesheni Kimbunga mkoani Kagera, Kigoma na Geita. Hoja ilikuwepo: ujambazi wa silaha ulikuwa umewachosha wananchi. Lakini miongoni mwa walioondoka walikuwemo walioishi nchini miongo mingi, wakaoa, wakazaa, wakazika. Kwenye karatasi walikuwa sifuri. Kwenye migomba yao bado walikuwa wanapalilia.

Utasema mtu si faili. Kweli kabisa, na ndiyo maana swali linakuwa zito zaidi. Nchi ina haki ya kuhesabu watu wake, na hakuna hesabu isiyokosea. Ila aliyeachwa kimakosa unaweza kumfuata kesho na kumuuliza tena. Aliyevushwa mpaka kimakosa, mkewe akabaki huku, utamrudishia nini? Kama karatasi zina shaka, basi shaka hiyo imwache mtu nyumbani kwake mpaka ithibitishwe.