Fimbo Ambayo Sikuwa Nimeishika

Nimewahi kuvua samaki kwa miaka mitatu bila kutoka Roysambu.

Ilikuwa hivi. Baada ya kuacha chuo mwaka wa pili (karo, stori ni ile ile, tusiirudie), niliingia kwenye kazi ya kuandikia watu mtandaoni. Wanaoijua wanaijua. Unalala alfajiri kwa sababu mteja yuko Texas na mchana wake ni usiku wako. Leo unaandika kuhusu godoro la mbwa, kesho kuhusu bima ya nyumba katika mji ambao huwezi kuutamka. Siku moja nikaagizwa makala: jinsi ya kuchagua fimbo moja ya kuvulia, inayofaa mambo mengi, kwa mtu anayevua besi akiwa ukingoni bila mashua. Maneno 1,500, dola 12. Chini ya maagizo kulikuwa na mstari mmoja: andika kama mtu mwenye uzoefu. Jina la mwandishi lingekuwa Mike.

Samaki niliyekuwa namjua ni yule wa sahani, na ugali.

Nikasoma siku mbili. Na niseme ukweli, somo lilinishika. Kuna fimbo za namna mbili kuu. Moja rili yake inaning'inia chini. Hiyo hata mtoto anaweza. Nyingine rili inakaa juu, unairusha kwa kuongoza mshipi kwa kidole gumba, na ndiyo wavuvi wa besi wanaipenda kwa sababu inabeba mshipi mnene na chambo kizito. Halafu kuna ugumu wa fimbo, na kuna mahali inapopindia. Inayopindia karibu na ncha inazamisha ndoana haraka. Inayopindia hadi katikati ni pole zaidi, nzuri kwa chambo bandia chenye ndoana za meno matatu, maana ukivuta kwa nguvu ndoana hizo zinachanika mdomoni na samaki anaenda zake.

Mwenye mashua hana shida. Anapanga fimbo sita, nane, kila moja na kazi yake, anabadilisha kama mtu anayebadilisha viatu. Wa ukingoni anatembea kwa miguu, nyuma yake miti, mbele yake majani ya majini, mkononi fimbo moja. Lazima iwe ndefu kiasi cha kufika mbali lakini isikwame kwenye matawi. Lazima iwe na nguvu ya kumtoa samaki kwenye magugu, kwa sababu huwezi kumfuata kule alipo. Jibu ambalo karibu kila mtu hufikia ni futi 7, ugumu uliozidi wastani kidogo, kupindia karibu na ncha, mshipi wa ratili 15 hivi, chambo cha kuanzia gramu 7 hadi 28. Haitakuwa bora kwa chochote. Itakuwa sawa kwa vingi. Nililiandika hilo nikajisikia ninajiandika mimi mwenyewe, mtu wa godoro la mbwa na bima.

Lakini makala haikuwa na mahali pa kuanzia, kwa hiyo nikaanza hivi: "Nimetumia fimbo ya namna hii kwa miaka mitatu." Na mahali fulani katikati, kuhusu ile rili ya juu, nikaandika kwamba kidole gumba kitazoea baada ya dakika chache. Hiyo sikuisoma popote. Sentensi ilikuwa inahitaji kuisha.

Wiki chache baadaye mteja akanitumia barua pepe ya msomaji wa Ohio. Akasema, mjibu, wewe si ndiye Mike. Yule mzee alikuwa amepoteza kazi. Anavua ukingoni na mjukuu wake, na samaki wanaopata wanawala, si wa picha. Kifundo chake cha mkono kina maumivu ya zamani. Ana pesa ya fimbo moja tu na rili yake, hawezi kukosea. Je, nina uhakika?

Nilimjibu kwamba nina uhakika.

Mwenzangu wa chumba haoni kosa lilipo. "Buda," akaniambia, "daktari wa uzazi mwanaume hajawahi kubeba mimba, na bado unampelekea dadako." Hoja nzuri, na ilinilaza siku mbili. Kila nilichosema kuhusu futi na gramu kilikuwa sahihi. Ningekuwa nimevua tangu utotoni ningeandika namba zile zile. Kwani ukweli unajali umetoka kinywani mwa nani?

Baadaye nikaona tatizo la mfano wake. Daktari yule hasemi, "mimi nilipokuwa na mimba." Anasema amesomea. Mgonjwa anajua anachonunua. Mzee wa Ohio hakuwa ananiuliza vipimo, vipimo alikuwa tayari amevisoma. Alikuwa anauliza kama kuna mtu aliyesimama pale atakaposimama yeye, akarudi mzima. Hicho ndicho nilichomuuzia, na stoo yangu ilikuwa tupu.

Kitu kimoja nilichobaki nacho kutoka darasa la sheria ni kifungu cha 63 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Ushahidi wa mdomo lazima uwe wa moja kwa moja: kama ni jambo la kuonwa, aje aliyeliona. Tulikuwa tunakikariri kama wimbo. Nilidhani ni sheria ya kuzuia waongo. Sasa nadhani inawahusu hata wasema kweli. Aliyeona unaweza kumuuliza swali la pili. Unamuuliza, na kifundo chako kiliuma? Mimi swali la pili ningelijibu kwa kutunga, kama nilivyotunga zile dakika chache.

Ndipo nikapanda matatu hadi Naivasha.

Wengi hatujui kwamba besi yule yule wa Marekani yuko hapa, kilomita kama 90 kutoka Nairobi. Aliletwa mwishoni mwa miaka ya 1920, ili wazungu wapate mchezo wa kuvua. Ziwa lilikuwa na kisamaki kidogo tu cha asili, na hicho hakijaonekana tangu mwanzoni mwa miaka ya 60. Baadaye wakaja kamba wa Louisiana, kisha mwaka 2001 akaonekana kapi, ambaye baadaye ndiye aliyejaza nyavu. Besi amebaki, lakini si mfalme tena.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja anayewapeleka wageni kuvua. Fimbo yake ilikuwa ya rili ya juu, ncha imekatika na kuungwa. Nikamuuliza, kwa sauti ya Mike, kwa nini aliichagua.

"Sikuichagua, kijana wangu. Mgeni aliiacha."

Alitazama maji kwanza kama kuna kiboko, muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akanipa. Ilikuwa nyepesi, lakini uzito wake wote uko mbele, na kifundo cha mkono ndicho kinachoulipa. Nikarusha. Chambo kilianguka hatua tano mbele yangu huku rili ikiendelea kuzunguka, mshipi ukajisokota kama nywele zilizolala wiki bila kitana. Tukafungua. Nikarusha tena. Tukafungua tena. Mzee hakucheka, jambo lililonipa aibu zaidi. Saa nzima hivyo, na kidole gumba kilikuwa kimeanza kuchubuka.

"Mzee, mtu huzoea baada ya muda gani?"

Akafikiri. "Mimi ilinichukua msimu mzima. Na mkono wangu hauumwi."

Samaki sikumpata. Kwenye matatu ya kurudi nilikuwa najua jambo moja ambalo siku mbili za kusoma hazikunipa: yule wa Ohio nilipaswa kumwambia achukue fimbo ya rili ya chini. Ingebeba chambo chepesi zaidi, ingemtoa samaki kwenye magugu kwa taabu kidogo, na mkono wake ungeiweza kuanzia siku ya kwanza. Mjukuu naye angeitumia.

Niliandika barua nikamtumia mteja ampelekee. Nilieleza mimi ni nani, nilipo, na kwamba nimeishika fimbo hiyo kwa saa moja tu. Mteja akajibu kwa adabu kwamba hawezi kuituma. Mike hawezi kuwa watu wawili. Kazi zake zikapungua, kisha zikaisha. Hela ya Mike ndiyo ilikuwa inalipa nyumba, kwa hiyo msidhani nilitoka hapo nikiwa malaika. Mwezi huo huo niliandika kama mama wa watoto wanne.

Barua pepe ya mzee sikuwa nayo. Makala bado iko. Niliifungua juzi, wameiongezea tarehe mpya na kugusa sentensi ya kwanza. Sasa nimeitumia fimbo hiyo kwa miaka minne.