Ufunguo wa Chumba cha Dada



Leo sina somo, nina kosa langu la kusimulia.

Mwaka jana dada mmoja wa hapa Kaniha alirudi kutoka mjini. Alichukuliwa angali mtoto kwa ahadi ya kusomeshwa, akafanywa mtumishi wa ndani bila mshahara. Sheria yetu ya mwaka 2008 inauita huo usafirishaji haramu wa binadamu. Sisi husema tu, "kaenda kutafuta maisha". Alirudi na kiu ya gongo.

Mimi ni mwenyekiti wa vijana kigangoni. Tulikubaliana na mama yake afungiwe chumbani mpaka pombe imtoke, ufunguo nikakaa nao mimi. Nilijiona kiongozi kweli kweli! Siku ya pili akaanza kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo. Tukampakia bodaboda mbio hadi zahanati. Pale tukaambiwa wazi: mlevi wa siku nyingi akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Huachishwa kwa dawa, chini ya uangalizi.

Hilo nimejifunza. Linalonisumbua ni neno aliloniambia alipopata nafuu: "Kaka, hata yule mama wa mjini alikuwa anakaa na ufunguo."

Sasa utaniuliza, basi tumwache anywe? Hapana. Ulevi nao ni bwana, tena mkali. Ila namfikiria Mtakatifu Yosefina Bakhita, tunayemkumbuka tarehe 8 Februari. Alitekwa utotoni huko Sudan, akauzwa mara kadhaa, mwishowe akafikishwa Italia. Mwaka 1889, bibi yake alipotaka kumrudisha Afrika, Bakhita alikataa kuondoka kwa masista wa Venice waliokuwa wakimfundisha dini. Masista wakasimama naye, na tarehe 29 Novemba mahakama ikatamka kuwa yu huru. Nyumba ya masista nayo ilikuwa na mlango, bila shaka. Lakini kubaki ndani alichagua mwenyewe.

Ufunguo nimemrudishia. Ameanguka mara mbili tangu hapo. Mara ya pili alikuja mwenyewe kuniambia, katikati ya mazoezi ya kwaya, ananuka pombe. Wengine waliguna. Nikasogea kwenye benchi, akakaa.

Alhamisi ana kliniki. Ameomba nimsindikize, ila nisiingie ndani.